Mwalimu Aliyeiacha Nafasi Wazi

Siku ile tulikuwa watu tisa ndani ya nyumba. Baba mdogo Gosbert alikaa karibu na mlango. Shangazi Leokadia alikaa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, amenyoosha mguu wake mbovu. Ta Kamuhabwa, mzee wa ukoo, alikalia kiti pekee chenye mgongo. Ma Yustina, jirani, alikuja kutupikia na akabaki kusikiliza. Tulikuwapo sisi watoto wanne wa marehemu: mimi Adventina, niliyekuwa na miaka kumi na minne, Deo, miaka kumi na mmoja, Pelagia, miaka minane, na Novati, mdogo kiasi kwamba alilala kifuani kwa yeyote aliyemruhusu. Wa tisa alikuwa mwalimu wetu wa netiboli, na huyo hakualikwa na mtu.

Mama alikuwa amezikwa wiki tatu kabla. Baba alimtangulia kwa miaka miwili. Kikao kilikuwa cha kutugawa, ingawa hakuna aliyelitamka neno hilo. Mimi nilikuwa niende na Shangazi kwake Kamachumu, ambako mtu mmoja alishaulizia kama nimefikia umri wa kuolewa. Deo, kwa kuwa ndiye mrithi, akae kwa Baba mdogo mpaka akue. Pelagia aende kwa ndugu za mama. Novati aende kwa atakayemtaka. Kibanja chetu, yaani migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba, kingeangaliwa na Baba mdogo. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto saba, na migomba yake mwenyewe ilikuwa imezeeka.

Nikasema naweza kubaki na wadogo zangu. Ta Kamuhabwa akaniuliza kwa upole, "Kaisiki, binti yangu, unajua kibanja kinakula nyasi kiasi gani kwa mwaka?" Nilijua, tena vizuri.

Hapo ndipo Mwalimu alipopiga hodi akiwa ameshaingia. Alitoka uwanjani moja kwa moja, raba miguuni, filimbi shingoni. Akapiga magoti kumsalimu mzee, akatoa pole ya msiba, kisha akasema, "Waitu, wazee wangu, nimesikia mnaivunja timu."

"Mwalimu, hapa tunazungumza mambo ya ukoo," alisema Baba mdogo.

"Ndiyo maana nitasema kidogo. Wapeni mwaka mmoja. Mkiona wameshindwa, wagawanyeni, na mimi nitakuja kusaidia kubeba vitanda."

"Na nyasi atatandaza nani?"

"Huyu hapa."

"Peke yake?"

"Nimesema huyu. Sikusema peke yake."

Ta Kamuhabwa alicheka kidogo puani. "Na wewe unapata nini katika haya?"

"Nampata mlinzi wangu wa pete. Aache shule mwaka mmoja, kisha arudi. Nafasi yake uwanjani sitampa mtu." Akanigeukia. "Utarudi?"

Nikasema nitarudi. Mzee akasema basi, tungoje mpaka senene, panzi wetu wa kuliwa, zitakapokuja tena. Kwa kuwa zilikuwa zimepita siku si nyingi, ule ulikuwa mwaka mzima.

Ndivyo nilivyoingia katika deni hili. Wadogo zangu wameniomba niandike habari za yule mwalimu kabla sijasahau. Sijasahau. Nimechoka tu, na mtu aliyechoka huandika kidogo kidogo, akipumzika katikati.

Miaka ile ukisema "Mwalimu" nchi nzima ilimfikiria mtu mmoja, rais wetu, yule tuliyemsikia redioni. Kwa hiyo huyu wetu tulimwongezea neno: Mwalimu wa Pete. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyewahi kubeba vitu vizito. Raba zake zilikuwa nyeupe daima kwa sababu alizipaka chaki kila asubuhi, na alipotembea haraka aliacha vumbi jeupe kidogo nyuma yake. Filimbi aliifunga kwa uzi wa mgomba. Ilipokatika alisokota uzi mwingine huku akiendelea kutukaripia.

Netiboli ina sheria kwamba mpira usikae mkononi zaidi ya hesabu tatu. Yeye aliitoa sheria hiyo uwanjani akaitumia kwa watu wote. Ukichelewa kumjibu, alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, halafu akaondoka, na swali lilikuwa limekupita. Alimhesabia mwalimu mkuu. Alimhesabia katekista alipokuwa akitafuta ukurasa. Siku moja Ma Yustina alimuuliza mbona mwanamke mzuri vile haolewi, akajibu, "Walikuja wawili. Niliwahesabia." Ma Yustina alilirudia jibu hilo kwa miaka mingi, hata kwenye mazishi ya watu.

Lakini yeye mwenyewe alivishika vitu vyake miaka na miaka. Kuna mwalimu mwenzake aliyewahi kusema kwamba netiboli ni mchezo wa kuwatuliza wasichana wasizurure. Mwalimu wa Pete hakumwamkia tena. Walifundisha vyumba vinavyopakana, walichota maji kwenye tangi moja, na hakumwamkia mpaka yule bwana alipohamishwa. Tulipomuuliza, alisema, "Sheria ya hesabu tatu ni ya mpira."

Hakuwa mtu wa kufuata anachofundisha. Alituhubiria kula pamoja, kwamba timu isiyokula pamoja haijui nani ana njaa. Na yeye alikula peke yake, mlango umefungwa. Alikataza kulia baada ya kufungwa, na tulipofungwa yeye ndiye aliyekwenda nyuma ya choo na kurudi macho mekundu. Kudaka hakuweza kabisa. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika, sijui kwa nini, na mpira ulimponyoka kama sabuni. Tulijifunza kudaka kwa mtu asiyeweza kudaka. Nadhani ndiyo sababu alitufundisha vizuri: alikuwa amefikiria sana jambo ambalo wenzake walilifanya bila kufikiri.

Na maneno yake hayakuwa matamu. Ukimwambia umechoka, alisema, "Najua. Sikuuliza hilo." Ukimwambia huwezi, alikuuliza, "Huwezi leo, au huwezi?" Tofauti hiyo imenisaidia zaidi ya mahubiri mengi niliyosikia. Yapo mambo mengi niliyoshindwa leo, nikayaweza Alhamisi.

Nieleze kuhusu mpira, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki.

Mpira wa ngozi shuleni ulikuwa mmoja, na mwalimu mkuu aliufungia kabatini kwa ajili ya siku za wageni. Sisi tulifanya mazoezi kwa mpira wa maganda makavu ya mgomba, yaliyokunjwa na kufungwa kamba mpaka ukawa mkubwa kama kichwa cha mtu mzima. Haukudunda. Mvua ikinyesha ulikuwa mzito kama mtungi. Tuliuzoea. Mikono yetu ikawa na nguvu, na tukajiona hodari.

Ndipo tulipokwenda Kamachumu kucheza na shule moja ya huko, na tukapewa mpira wa kweli. Kila tuliporusha, mpira ulipita juu ya vichwa vya wenzetu ukaenda zake. Tulirusha kwa nguvu ile ile ya maganda ya mgomba. Paskazia, mfungaji wetu, alimrushia Auleria mpira ukampita, ukaenda kuangusha kikombe cha chai cha padre aliyekuwa kwenye benchi. Wasichana wa Kamachumu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akaniuliza pale golini, "Dada, kwenu mnarushia tembo?" Tulifungwa mpaka aliyekuwa akihesabu kwa vijiti akaviacha.

Njiani kurudi Mwalimu alitembea mbele. Tulipomaliza mteremko alisimama akatungoja.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimewafundisha nguvu. Sikuwafundisha mikono."

Kesho yake hatukukimbia. Alitukalisha, na kila mmoja akaeleza anapenda kupokea vipi. Paskazia alipenda mpira uje kushotoni. Auleria alipenda uje kifuani, kwa sababu aliogopea meno yake. Mwingine alisema anapenda kuitwa jina kwanza. Ilichukua siku nzima, tukaona aibu kama watu wanaoungama hadharani. Tangu siku hiyo maneno yake yalikuwa haya: usirushe kwa nguvu uliyo nayo, rusha kwa mikono ya anayepokea.

Nilidhani ni maneno ya uwanjani.

Mama alipofariki, na tukapewa ule mwaka, nilianza kazi kwa nguvu zangu zote. Niliamka kabla ya wote, nikalala baada ya wote. Na kwa kuwa Ta Kamuhabwa alishamwita Deo "mwenye nyumba", nami nilimpa Deo kazi za mwenye nyumba. Apunguze machipukizi ya migomba. Akate majani makavu. Abebe mikungu mpaka barabarani. Wageni wakija, akae nao yeye na kuwajibu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na shingo nyembamba. Alipokosea nilimwambia, "Unataka tugawanywe?" Nilimwambia hivyo kila siku. Aliacha kucheka, kisha akaacha kusema, na mimi nikashukuru kwamba nyumba ni kimya.

Asubuhi moja hakuwepo. Baba mdogo alipita mchana, akaangalia huku na huku, akasema kwa huzuni ya kweli, "Adventina, unaona sasa." Alisema angengoja siku tatu kabla ya kumpelekea mzee habari.

Nilikwenda shuleni kumwambia Mwalimu. Aliwaachia wanafunzi somo ubaoni, tukapanda basi la Bukoba, maana watu walimwona Deo akishika barabara hiyo. Njiani aliniuliza Deo alikuwa akifanya kazi gani. Nikamtajia. Nilipofika kwenye mikungu aliinua mkono ninyamaze.

"Huyo umemrushia kwa nguvu ya mpira wa maganda," alisema. "Hukuitazama mikono yake."

Nikamwambia kazi ilikuwa nyingi na mimi nilichoka.

"Najua. Sikuuliza hilo."

Tulimpata siku ya pili, karibu na soko, kwa mama mmoja wa Kiislamu aliyepika chai na maandazi. Alikuwa uani, mbele ya rundo la sufuria. Yule mama alitupokea kwa adabu, akatukalisha kabla ya kusikia shida yetu.

"Huyu mtoto hajasema neno tangu aje," alisema. "Lakini tazameni sufuria zangu. Mume wangu amenyolea ndevu kwenye ile kubwa asubuhi, anajiona kama kwenye kioo. Kama si wenu niachieni."

"Ni wetu," alisema Mwalimu.

Deo hakuinua kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, lakini Mwalimu akachuchumaa karibu naye, akachukua sufuria moja, ikamponyoka vidole, ikalia kwenye mawe. Deo akaiokota akampa tena, akiielekeza mkono wa kushoto.

"Unapenda kupokea vipi?" Mwalimu alimuuliza.

Alikaa muda mrefu, na hakuhesabiwa. Mwisho alisema, "Sitaki kuitwa mwenye nyumba. Na mikungu tubebe wawili."

Ni hayo tu. Mtoto alikuwa ametoroka nyumbani kwa ajili ya mambo mawili ambayo ningempa bure kama ningeuliza. Tulirudi siku ile ile, na Baba mdogo alipokuja tulikuwa wote wanne, tunamenya ndizi. Nikamkaribisha mimi, na mimi ndiye niliyekaa naye kama mwenyeji.

Sasa nyasi.

Kwetu migomba hulishwa. Nyasi hukatwa kwenye rweya, ule uwanda wa nyasi nje ya vijiji, hubebwa kichwani na kutandazwa chini ya migomba ili udongo usikauke. Ni kazi ya wanawake, na ni kazi isiyokwisha, kwa sababu nyasi huoza ndipo zifae. Kutoka rweya hadi kwetu palikuwa mbali, na katikati kilima. Peke yangu nilileta mizigo miwili kwa siku, na kibanja hakikuonyesha hata dalili.

Mwezi wa pili wa mwaka ule, Mwalimu alinijia na wasichana wote sita wa timu. Alisema uwanja wa shule umejaa maji, kwa hiyo mazoezi yatafanyika huku. Aliigawa njia vipande saba. Kila msichana alisimama kwenye kipande chake, akaupokea mzigo, akaubeba mpaka kwa mwenzake, akarudi mikono mitupu. Kurudi mikono mitupu ndiyo ilikuwa mapumziko. Mzigo haukuruhusiwa kugusa chini. Kipande cha kilima alikichukua Auleria, kwa kuwa alikuwa na miguu ya kupanda, na alijua hatufikii bila yeye. Kipande cha mwisho kilikuwa changu: kupokea na kutandaza. Mwalimu mwenyewe alikuwa juu kabisa, akikata nyasi vibaya kwa mundu na kupiga filimbi.

Uwanja ulikauka wiki ile ile. Waliendelea kuja, mara mbili kila wiki, mwaka mzima. Mvua ilinyesha wakaja. Paskazia alikuja akiwa na jipu begani, akabeba kwa bega lingine. Walinitania. Waliniambia mimi ndiye niliyepata kazi ya kukaa kivulini. Nilicheka nao, na ule ndio ulikuwa muda pekee katika wiki niliocheka. Nikifikiri sasa, timu yetu ilitimia watu saba kwenye njia ile ya nyasi tu.

Kwa sababu uwanjani walikuwa sita. Mwalimu alishika neno lake. Katika mechi zote za mwaka ule hakumweka mtu kwenye nafasi ya mlinzi wa pete. Mfungaji wa upande wa pili alisimama mbele ya goli letu peke yake, akalenga taratibu kama mtu anayetundika nguo. Walifungwa mechi zote. Paskazia alinisimulia kwamba siku moja walimzunguka Mwalimu, wakamwomba amweke hata msichana wa darasa la nne.

"Pale kuna mtu," aliwaambia.

"Mwalimu, hakuna mtu."

"Yupo. Yuko kwake anatandaza nyasi."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa haki. Aliniheshimu mimi, na wale sita wakalipia heshima hiyo kila Jumamosi mbele ya watu waliokuwa wakiwacheka.

Ndiyo miaka ile ujamaa ulipofika kijijini kwetu. Shamba la pamoja lilifunguliwa kwenye rweya, na kila Jumamosi asubuhi kengele iligongwa tukalime. Mwalimu hakuonekana. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mnene aliyeiamini kazi hiyo kwa moyo wote, alimwambia mbele ya watu: "Mwalimu, wewe ndiye unayefundisha umoja. Mbona Jumamosi hatukuoni?"

"Nina watu saba wanaojuana majina na bado wananigombania," alijibu. "Wewe una mia tatu. Nakuombea, Mwenyekiti."

Watu walicheka. Mwenyekiti naye alicheka, lakini hakusahau. Baadaye barua ilikwenda juu, ikisema kuna mwalimu anayewatumikisha wanafunzi kwenye kibanja cha mtu binafsi wakati shamba la kijiji limeota magugu. Katika barua hiyo hakukuwa na uongo hata mmoja.

Senene zilirudi. Ta Kamuhabwa alikuja na Baba mdogo, na Shangazi akaja kwa mguu wake mbovu. Mzee hakuingia ndani. Alitembea kati ya migomba akichomeka mkongojo wake kwenye nyasi, kila hatua chache, kuona unazama kiasi gani. Ulizama. Alifika mpaka mwisho wa kibanja akarudi.

"Nani ametandaza?" aliuliza.

"Watoto wa shule," alisema Baba mdogo. "Si yeye."

"Walilipwa?"

"Hapana."

"Walilazimishwa?"

Baba mdogo ni mtu mwaminifu. Alisema aliwahi kuwaona wakicheka.

"Basi ni yeye," alisema Ta Kamuhabwa. Kisha akaomba maji ya kunywa, na hatukugawanywa tena.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alihamishwa kwenda Kaagya. Alipita kuniaga, sanduku kichwani, raba zimepakwa chaki. Hakusema lolote kuhusu barua. Alisema, "Mwaka umekwisha. Rudi shule." Nikamwambia ndiyo.

Nilikwenda kweli, siku moja. Nilisimama kando ya uwanja. Mwalimu mpya alikuwa ameshamweka msichana kwenye nafasi yangu, msichana mrefu, anadaka vizuri. Novati alikuwa na homa nyumbani. Kahawa ilikuwa imeiva. Niliangalia mpaka filimbi ya mapumziko, nikarudi zangu. Na niseme ukweli: nilipoiona nafasi imejazwa, nilipumua. Sikurudi tena shuleni, wala sikumwandikia.

Miaka ilikwenda. Pelagia aliolewa kwa heri. Novati alisoma, akawa mganga wa zahanati. Deo ni seremala, na ndiye mwenye kibanja. Mkewe ananiita mama mkwe, nami nimeacha kumrekebisha. Hapo ndipo nilipoona nina siku ya kwenda Kaagya.

Nilibeba mkungu mzuri, kahawa ya kutafuna na senene zilizokaangwa. Nilimkuta kwenye kibaraza cha chumba kimoja, anachambua maharage. Alikuwa amestaafu. Miguu ilikuwa imevimba, na badala ya raba alivaa ndala. Alinitambua kabla sijafika.

"Mlinzi wa pete," alisema. "Umenenepa. Ni vizuri."

Nilimweleza habari za wote, mmoja mmoja. Kuhusu Deo aliuliza mara mbili. Kisha nikasema maneno niliyoyapanga kwa miaka: kwamba nimekuja kuomba msamaha kwa kutorudi shuleni, na kumshukuru, kwa sababu kila tulicho nacho kimetoka kwake.

Aliendelea kuchambua. "Ya shule nilishakusamehe siku ile ile uliyoahidi. Nilijua hutarudi."

"Ulijua? Na bado ukaiacha nafasi wazi?"

"Nilitaka ukoo waone kuna mtu anakungoja. Mtu anayengojwa haozeshwi haraka." Alitupa jiwe dogo lililokuwa kwenye maharage. "Na kushukuru, mimi nilikuwa na mshahara. Nilihamishwa, nikapata chumba kingine, mshahara ule ule. Wale sita walikuwa na nini? Walikupa migongo yao mwaka mzima, na wakafungwa kila Jumamosi. Mmoja wao umeshawahi kumwendea?"

Tumekutana kanisani, nilisema. Tumekutana sokoni.

"Nimeuliza kama umemwendea."

"Hapana."

"Niliwatumia vibaya," alisema, na hapo sauti yake ilipungua. "Ninyi mlikuwa wanne, nao walikuwa sita, nami nilichagua wanne. Sijui kama ningechagua tena. Siwezi kuwafikia kwa miguu hii. Wewe bado una miguu."

Akanitajia walipo. Alijua wote, hata walioolewa mbali. Paskazia yuko Izigo. Wawili wako Kamachumu. Mmoja yuko Muleba, mmoja Bukoba mjini. Auleria alikuwa amefariki akijifungua, miaka mingi iliyopita, na mimi sikuwa na habari. Mwalimu alilisema hilo kisha akaingia ndani, akakaa huko kwa muda. Aliporudi tulikula senene. Mkungu aliukataa. Alisema nimpelekee mtu mwingine.

Nilikwenda Izigo wiki iliyofuata, na ule mkungu umeshaanza kuiva. Nilimkuta Paskazia kwenye njia ya rweya, mzigo wa nyasi kichwani, peke yake, watoto wake wako shule. Alisimama. Nilimwambia nimekuja kubeba.

"Umechelewa sana, Adventina," alisema, bila hasira. Kisha akaniwekea mzigo kichwani, akarudi juu kukata mwingine.

Nilibeba siku ile na kesho yake. Mgongo wangu si ule wa zamani, na siku ya tatu sikuweza kuinuka. Kwa Paskazia nimelipa siku mbili. Yeye alinipa mwaka. Wale wanne sijawafikia. Na nimemtuma Deo aulize kibanja cha Auleria sasa kinatunzwa na nani, maana huko nako inabidi niende.